Jumba la ndugu wa pete tatu: Nyumba ya Odd Fellows ya Worcester ilivyojengwa na kwa nini haipo tena

SWALI: Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Worcester, Massachusetts. Mzee mmoja ninayemhudumia hunisimulia kila mara habari za jumba kubwa la Randolph Road. Anasema lilikuwa la “ndugu wa pete tatu”, na kwamba babu yake mzaa mama, aliyekuwa fundi wa kiwandani, aliishi humo hadi alipofariki. Anasema pia ndugu hao walikuwa na mifupa ya mtu katika ukumbi wao. Nilipita huko nikakuta jengo jipya la wazee. Lile la zamani lilikuwa nini hasa? Walikuwa Frimasoni? Na kama lilikuwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, kama nilivyoambiwa, mbona lilivunjwa?

JIBU: Dada yangu, kumbukumbu za mzee wako ziko sawa. Jumba hilo lilikuwapo, namba 40 Randolph Road, kaskazini mwa mji. Lilijengwa kati ya mwaka 1890 na 1892 na Odd Fellows, chama cha kindugu kilichokuwa na matawi jimbo zima, ili wanachama wake waliozeeka wapate pa kukaa. Michoro ilitoka kwa Barker & Nourse, wasanifu wa hapo hapo Worcester. Mwaka 1980 liliandikwa katika Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, na katikati ya miaka ya 2010 likabomolewa. Hilo ndilo jibu la haraka. Lakini huwezi kuelewa kwa nini lilivunjwa kabla ya kuelewa ahadi iliyolijenga, kwa hiyo nivumilie nianze mbali kidogo.

Kwanza nilimalize hili la Frimasoni, maana najua huko nyumbani jina hilo huja na maneno mengi ya utajiri wa ghafla na mambo ya gizani. Odd Fellows si Frimasoni. Ni chama kingine kabisa, chenye asili yake Uingereza katika karne ya 18, miongoni mwa watu wa kawaida: mafundi, wenye maduka madogo, wafanyakazi wa mikono. Vyama hivi viwili vilifanana kwa desturi. Vyote vilikuwa na maneno ya siri ya kuingilia ukumbini, ngazi za kupanda, nguo rasmi na nishani. Neno la siri lilikuwa na kazi ya kawaida sana enzi hizo. Fundi aliyehamia mji mwingine alihitaji njia ya kuonyesha kuwa kweli ni mwanachama, ndipo apewe msaada na watu wasiomjua hata kwa sura. Bila siri hiyo, kila tapeli angebisha hodi.

Mifupa nayo ni kweli. Kumbi nyingi za Odd Fellows zilikuwa na jeneza lenye mifupa ya mtu, mara nyingine ya kweli, mara nyingine ya kutengenezwa, na mwanachama mpya aliletwa mbele yake akakumbushwa kuwa naye atakufa. Hadi leo mafundi wanaokarabati majengo ya zamani ya chama hicho huko Marekani hukuta mifupa hiyo nyuma ya ukuta au darini, na polisi huitwa kabla mtu yeyote hajakumbuka habari za chama. Ukiwaza kazi kubwa ya chama chenyewe ilikuwa nini, somo lile la kifo lilikuwa mahali pake.

Kazi hiyo sisi tunaijua vizuri kwa jina letu: kufa na kuzikana. Tawi la Marekani lilianzishwa Baltimore tarehe 26 Aprili 1819 na Thomas Wildey, fundi chuma mhamiaji kutoka Uingereza, pamoja na wenzake wanne. Alama yao ni pete tatu za mnyororo zilizoshikana, zikiwakilisha urafiki, upendo na ukweli. Agizo lao kuu lilikuwa na mambo manne: mtembelee mgonjwa, msaidie mwenye dhiki, mzike marehemu, msomeshe yatima. Mtu wa chama cha wanakijiji waishio mjini, Dar es Salaam au Nairobi, akisoma kitabu cha kanuni cha loji, yaani tawi la mtaani, ya Odd Fellows ya miaka ya 1880 atajikuta nyumbani. Kuna kiingilio na ada ya kila robo mwaka, kuna faini ya kuchelewa kulipa, na asiyelipa kwa muda fulani hapati kitu siku ya msiba wake. Kuna kamati ya kutembelea wagonjwa, kuna mweka hazina mwenye dhamana, na kuna ugomvi usiokwisha kuhusu nani hasa anastahili kuhesabiwa mgonjwa.

Hebu nikuonyeshe jinsi ilivyokuwa ikifanya kazi. Mwanachama alipougua, loji yake iliarifiwa, na kamati ikaenda kumwona. Ikiridhika, alilipwa fedha kidogo kila wiki mpaka apone. Ugonjwa ukizidi, loji ilipanga zamu za kukesha: wanachama wawili wawili walikwenda usiku kukaa kitandani pake, wampe maji, wamgeuze, ili mke wake apate usingizi. Waliopangiwa zamu wasifike bila sababu walitozwa faini. Alipofariki, loji iligharimia mazishi, wanachama wakamsindikiza kwa maandamano wakiwa wamevaa nishani zao, na mjane akapewa kitu cha kuanzia maisha. Yote hayo yalifanyika wakati Massachusetts haikuwa na sheria ya fidia kwa mfanyakazi aliyeumia kazini. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1911. Kabla yake, fundi aliyekatwa vidole na mashine alitegemea huruma ya tajiri wake, au alitegemea loji.

Na Worcester ulikuwa mji wa mashine. Zilitengenezwa nyaya huko, na mitambo ya kufumia nguo, mawe ya kunolea, bahasha. Sensa ya mwaka 1890 ilihesabu watu 84,655, na miaka kumi baadaye walikuwa 118,421. Vijana walimiminika kutoka mashambani na kutoka ng'ambo kufuata kazi za viwandani. Miaka thelathini baadaye vijana hao walikuwa wazee katika mji ambao wengi wao hawakuwa na shamba wala ukoo wa kuwapokea. Hapo ndipo hesabu za vyama zilipoanza kugoma.

Ada ya Odd Fellows ilikuwa moja kwa wote. Kijana wa miaka 25 na mzee wa miaka 65 walilipa sawa, ingawa mzee alikuwa karibu zaidi na kuugua. Mpango huo hauna tatizo maadamu vijana wanaingia kwa wingi, kwa kuwa wao wanalipa na hawachukui. Lakini fedha za wagonjwa zilikusudiwa mtu wa kuugua wiki sita kisha arudi kazini. Mzee aliyelemaa hakuwa mgonjwa wa wiki sita. Angeweza kuchukua fedha ya kila wiki kwa miaka kumi na bado, akiwa hana mtu wa kumpikia, isimtoshe. Loji moja yenye wazee watano wa namna hiyo ingeweza kufilisika. Suluhisho walilolipata viongozi wa majimbo mengi lilikuwa kuwakusanya wazee wa loji zote mahali pamoja na kugawana gharama. Ndiyo maana kati ya miaka ya 1870 na 1920 nyumba za namna hii ziliota kote Marekani, za Odd Fellows, za Frimasoni, na za vyama vingine vya kindugu kama Knights of Pythias na Elks. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini cha habari yote hii. Tunapoyatazama majumba haya tunaona fahari ya chama, na fahari ilikuwapo. Ila sababu iliyowasukuma kujenga ilikuwa deni lililokuwa likikua: ahadi waliyowapa vijana wa mwaka 1850 ilikuwa imefika siku yake ya kulipwa.

Kulikuwa na hofu nyingine pia. Mzee asiye na mtu alipelekwa kwenye nyumba ya maskini ya mji. Worcester ilikuwa na yake, iliyoitwa Home Farm, shamba ambapo maskini wa mji walilazwa na kufanyishwa kazi, mahali ambapo nguruwe wengi walilishwa mabaki ya chakula yaliyokusanywa mjini. Kuishia huko kulikuwa aibu iliyomwandama mtu hadi kaburini. Odd Fellows waliahidiana kwamba ndugu yao hatafika huko. Nyumba ya Randolph Road ilikuwa jibu la ahadi hiyo, na ndiyo sababu walitaka ionekane tofauti kabisa na nyumba ya maskini.

Ardhi ilitoka kwa Thomas H. Dodge, mwanasheria wa hataza na mvumbuzi aliyepata mali yake katika mji huo wa viwanda. Aliwapa Odd Fellows kiwanja cha nyumba, na wakati uleule akawapa wakazi wa mji eneo la jirani liwe bustani ya watu wote. Bustani hiyo ipo hadi leo, na inaitwa Dodge Park. Bila shaka umepita kando yake.

Barker & Nourse walichanganya mitindo miwili, Queen Anne na ule wa kufufua ujenzi wa Marekani ya enzi za ukoloni. Queen Anne ni mtindo usiopenda ulinganifu: upande huu mnara, upande ule paa la pembetatu, baraza pana mbele, madirisha ya kutokeza. Ulikuwa mtindo wa nyumba za matajiri. Uamuzi wa kuwajengea mafundi wastaafu kwa mtindo huo naupenda sana. Hospitali na magereza ya wakati ule yalipenda kuta ndefu zilizonyooka na madirisha ya safu moja, na mtu akiingia alijua mara moja kwamba amewekwa mahali. Hapa mzee aliyekuwa amesimama kwenye mashine miaka arobaini alipanda ngazi za jumba ambalo kwa nje lingeweza kuwa la mwenye kiwanda. Lilihesabiwa miongoni mwa majengo makubwa kabisa ya taasisi yaliyojengwa Worcester mwishoni mwa karne ya 19.

Kuingia hakukuwa rahisi. Katika nyumba za chama hiki kwa jumla, mwombaji alitakiwa awe mwanachama wa miaka mingi aliyelipa ada zake bila kukatisha, loji yake imdhamini, daktari ampime. Nyumba nyingi za vyama zilimtaka pia akabidhi mali yoyote aliyobaki nayo, naye kwa upande wake akahakikishiwa chakula, malazi, matibabu na maziko. Wenye nguvu walipewa kazi ndogo ndogo za bustanini au jikoni. Chama cha wanawake, akina Rebekah, kilichoanzishwa mwaka 1851 kwa mapendekezo ya Schuyler Colfax, ambaye baadaye alikuwa makamu wa rais wa Marekani, kilibeba mzigo mkubwa wa nyumba hizi kila zilipokuwa. Wao ndio walioshona mashuka, wakachangisha fedha za samani, wakaandaa sikukuu. Katika historia za majengo jina la msanifu huandikwa daima na majina ya wanawake hawa mara chache, nami naona hilo ni pengo kubwa, kwa sababu jengo la wazee bila mashuka na bila mtu wa kuyafua ni kuta tu.

Sasa kuna jambo ambalo wewe na mimi hatuwezi kulipita. Nyumba hiyo isingempokea mtu wa rangi yetu. Chama hiki cha Marekani kiliandika katika kanuni zake kwamba wanachama ni wanaume weupe, na sharti hilo halikuondolewa mpaka mwaka 1971. Weusi wa New York walipoomba kujiunga katika miaka ya 1840 walikataliwa. Mwenzao, Peter Ogden, alikuwa mtumishi wa melini aliyekuwa ameshaingizwa katika tawi lingine la Odd Fellows huko Liverpool. Alivuka bahari akaomba kibali moja kwa moja kwa Waingereza, wakampa, na mwaka 1843 ikafunguliwa loji ya kwanza ya Odd Fellows weusi Marekani, chini ya Grand United Order, lile tawi la Uingereza. Wao pia walikua sana. Jengo lao la ghorofa kwenye Auburn Avenue mjini Atlanta lilizinduliwa na Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi maarufu wa Wamarekani weusi, mwaka 1912, na bado limesimama. Kwa hiyo mzee wako akikusimulia jumba la Randolph Road kwa mapenzi, msikilize kwa moyo, na ujue pia kwamba ule udugu ulikuwa na mpaka ulioandikwa.

Wakatoliki nao, ambao Worcester walikuwa wengi sana kwa ajili ya wahamiaji kutoka Ireland na Wafaransa wa Kanada, walikatazwa na Kanisa lao kuingia Odd Fellows, kwa amri ya Roma ya mwaka 1894. Wao walikuwa na vyama vyao. Maana yake ni kwamba jumba hilo, pamoja na ukubwa wake, lilihudumia sehemu tu ya wafanyakazi wa mji: hasa Waprotestanti weupe waliokuwa na kazi ya kudumu vya kutosha kulipa ada mfululizo.

Mwaka 1896 Odd Fellows ndicho kilikuwa chama kikubwa kuliko vyama vyote vya kindugu Marekani. Mwaka 1979 kilibaki na wanachama 243,000 hivi. Kilichotokea kati ya miaka hiyo miwili ndicho kilichovunja jumba, hata kama mashine za kubomolea zilikuja baadaye sana.

Kampuni za bima zilianza kuwauzia viwanda bima ya wafanyakazi wote kwa pamoja, na kijana hakuhitaji tena loji ili mkewe apate kitu akifa. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukawafanya wengi washindwe kulipa ada wakati uleule ambapo wenye kuhitaji msaada waliongezeka. Massachusetts ilikuwa imeshapitisha sheria ya kuwasaidia wazee mwaka 1930. Kisha tarehe 14 Agosti 1935 Rais Roosevelt akatia saini sheria ya hifadhi ya jamii. Kuanzia hapo ile kazi ya kukusanya mchango wa kijana ili kumlisha mzee ilichukuliwa na serikali, na kijana hakuwa na hiari ya kutolipa. Ukitazama kwa makini, serikali ilifanya lilelile walilokuwa wakifanya Odd Fellows, ikiwa na kitu kimoja ambacho hawakuwa nacho: uwezo wa kuhakikisha vijana wa kulipa hawakosekani. Mwaka 1965 zikaja Medicare na Medicaid, bima za serikali za matibabu kwa wazee na kwa maskini. Fedha za serikali sasa ziliweza kulipia huduma ya mzee mgonjwa, lakini kwa masharti ya serikali.

Masharti hayo wewe unayajua kuliko mimi, maana unafanya kazi chini yake kila siku. Upana wa korido upitishe kitanda. Milango ipitishe kiti cha magurudumu. Lifti. Choo karibu na kila chumba. Na zaidi ya yote, moto. Mwaka 1957, huko Warrenton, Missouri, nyumba ya wazee iliyokuwa katika jengo la zamani iliungua ikaua watu 72. Misiba ya namna hiyo ilirudia rudia, na kila mara kanuni zikakazwa. Kufikia Agosti 2013 serikali kuu ilizitaka nyumba zote za uuguzi zinazopokea fedha zake ziwe na mfumo wa kunyunyizia maji moto unapozuka, jengo zima, dari mpaka dari. Jumba la mwaka 1892 lililojengwa kwa ajili ya wazee wanaotembea wenyewe, lenye ngazi za mbao, vyumba vya kulala juu na mabafu ya pamoja mwisho wa korido, linaweza kurekebishwa lifikie masharti haya. Ila gharama yake mara nyingi hupita ile ya kujenga jipya, na chama ambacho wanachama wake wenyewe ni wazee hakina wa kuichangia.

Tufike kwenye ile orodha ya taifa, kwa kuwa hapo watu wengi hukosea, hata Wamarekani wenyewe. Kuandikwa katika Rejista ya Taifa hakumzuii mwenye mali kubomoa. Sheria ya mwaka 1966 iliyoanzisha rejista hiyo inaibana serikali kuu: kama kuna fedha yake au kibali chake katika mradi, lazima madhara kwa jengo yachunguzwe kwanza. Mwenye mali binafsi anayetumia fedha yake mwenyewe hahusiki. Rejista inampa heshima, na inaweza kumpa nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama za ukarabati kama jengo linaingiza kipato. Haimpi amri.

Ulinzi wa kweli Marekani hutoka kwa mji. Worcester ina maeneo machache ya kihistoria yaliyowekwa kwa sheria ya mji, kama Massachusetts Avenue, Montvale na Crown Hill, na humo huwezi kugusa sura ya nyumba bila ruhusa ya kamisheni. Jumba la Odd Fellows lilikuwa nje ya maeneo hayo. Kilichobaki ni sheria ya mji ya kuchelewesha ubomoaji: mwenye jengo la kihistoria anaweza kulazimishwa kusubiri, ili watu wapate nafasi ya kutafuta mnunuzi au matumizi mengine, na anaweza kuomba asisubiri akithibitisha kuwa kusubiri kunamtia hasara. Muda ukiisha na hakuna aliyejitokeza na fedha, kibali hutolewa. Sheria hiyo inanunua miezi. Hainunui paa jipya.

Utaniuliza kama nadhani walikosea kulibomoa. Nadhani Worcester ilipoteza jengo ambalo haitalipata tena, na hasa ilipoteza ushahidi wa namna wafanyakazi walivyojitunza kabla ya serikali kuwatunza. Makanisa na majumba ya matajiri yanabaki mengi, ya mafundi wastaafu ni machache. Lakini lawama siwezi kuitupia siku ile ya mashine tu. Jengo kubwa hufa pale linapokosa mwenye sababu ya kuziba paa, na hilo huanza miaka ishirini au thelathini kabla. Mwaka 1980, lilipoandikwa katika rejista, ndio ungekuwa wakati wa kulitafutia kazi ya pili: vyumba vya kupangisha, shule, ofisi. Kuliandika halafu kuliacha lisubiri kulikuwa nusu ya kazi.

Kazi ya pili inawezekana, na mfano upo. Huko Liberty, Missouri, Odd Fellows walikuwa na nyumba yao, yenye majengo kadhaa ya matofali yaliyojengwa kuanzia mwaka 1900 baada ya lile la kwanza kuungua: makao ya wazee, makao ya yatima, hospitali, na makaburi yao papo hapo. Nayo iliandikwa katika Rejista ya Taifa, mwaka 1987. Lakini huko alipatikana mnunuzi, na leo ni mahali pa kutengenezea mvinyo na kufungia harusi. Hospitali yake haikupona vivyo hivyo, iliachwa ikawa gofu. Kwa upande mwingine Moose, chama kingine cha kindugu, kilifungua Moosehaven, Florida, mwaka 1922, na kinaiendesha hadi leo kama makao ya wazee wa chama, kwa kuwa hakikuiacha ibaki kama ilivyojengwa. Nyumba hizo tatu zilianza na ahadi ileile. Iliyosalia na kazi yake ni ile ambayo chama chenyewe kiliendelea kuibadilisha.

Kuhusu babu wa mzee wako, inawezekana kabisa kumpata. Usianze na sensa ya 1890, karibu yote ilipotea kwa sababu ya moto wa mwaka 1921 huko Washington. Anza na ya 1900, halafu ya 1910, na kuendelea hadi ya 1950, ambayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022. Ya 1960 itafunguliwa mwaka 2032. Karani wa sensa alipofika Randolph Road aliandika wakazi wote wa nyumba mfululizo, jina, umri, mahali alipozaliwa mtu, na kama ni mjane. Ukipata ukurasa mmoja umewapata wote. Soma wote, hata kama unamtafuta mmoja, utaona ni watu wa namna gani walioketi naye mezani.

Kwa jengo lenyewe, Massachusetts ina hifadhidata ya majengo ya kihistoria iitwayo MACRIS, inafunguka bure kwenye intaneti, na fomu za majengo yaliyobomolewa huwa hazifutwi. Ramani za bima ya moto za Sanborn zitakuonyesha umbo la jumba. Hati za ardhi ziko katika ofisi ya msajili wa hati ya Worcester, na jumba la makumbusho la historia ya mji lina watu wanaojua kutafuta. Waambie unamtafutia mzee unayemtunza.

Kabla ya yote hayo, muulize mzee kama anakumbuka jina la loji ya babu yake, au hata namba yake. Kama ana saa ya mfukoni, pete, au picha ya kaburi, aangalie kama kuna pete tatu za mnyororo na tarakimu pembeni. Kumbukumbu za Odd Fellows zilipangwa kwa jina na namba ya loji, na loji ndiyo iliyoandika barua ya kumwombea nafasi katika nyumba ile, na ndiyo iliyomzika.